Kunazi

Bi Tabu, kaa hapo mkekani. Leo naongea mimi.

Wiki ya tatu Pazi alianza kurusha maziwa.
Si kucheua, kila mtoto hucheua.
Kurusha, mpaka ukutani, mpaka kwenye kalenda,
maziwa meupe, yamekatika kama mtindi,
na akimaliza ananitazama, anataka tena.
Kanga saba kwa siku nilifua,
na maji ya Mbagala unayajua, ya kununua.

Wewe ukasema kabemendwa.
Ukahesabu arobaini yangu kwa vidole mbele ya mashangazi,
ukamuuliza mwanao alilala wapi.
Nikanyamaza. Mzazi wa juzi hana meno ya kubishana.
Ukachemsha mizizi ya chango.
Nayo akairusha.

Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulishuka
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Kilo tatu na nusu. Tatu na robo. Tatu.
Mtoto anarudi alikotoka, na sote tunamwangalia.

Ni Sista Leokadia aliyezima feni, akasema, mnyonyeshe hapa, nione.
Tukaona: wimbi dogo likitembea chini ya ngozi,
kama panya anayepita chini ya shuka.
Akashika kidole changu, akakizamisha taratibu.
Guse, mama.
Kilikuwepo. Kigumu, kidogo, kinateleza. Kama kunazi.
"Mlango wa kutokea chakula umenenepa, umejifunga.
Si maziwa yako.
Si kitanda chako."
Nikalia, Bi Tabu, si kwa ugonjwa. Kwa hayo mawili ya mwisho.

Upanga nilidhani watapasua usiku uleule.
Kumbe damu yake ilikosa chumvi;
ukimlaza hivi, akasema Daktari Kokubanza,
anaweza kusahau kupumua.
Kwanza maji. Tone. Tone. Siku mbili.
Mashine ya kupimia chumvi ilikuwa mbovu,
hivyo damu ya Pazi, isiyofika kijiko,
ilipanda bodaboda kwenda Kariakoo,
majibu yakarudi alasiri, yamelowa jasho la kijana wa watu.
Mashine ya kuchomelea ya mwanao, uliyoiuliza:
sasa unajua ilikokwenda.

Kitanda cha pili alikuwapo mtoto wa Kibiti,
aliyeletwa akiwa na wiki tisa, ngozi imebaki.
Asubuhi shuka lilikuwa limekunjwa.
Mama yake aliniachia chupa yake ya chai,
hakusema kitu. Ninayo mpaka leo.

Mtu wa usingizi alikuwa mmoja kwa vyumba vitatu.
Tukamngoja. Umeme ukakatika,
jenereta ikakohoa, ikakohoa, ikashika.
Mimi koridoni nahesabu vigae.
Vinne vimepasuka.

Baadaye daktari alinieleza, bado ana kofia kichwani:
umewahi kumenya yai bichi,
ukabandua ganda, ukaacha ngozi yake ile nyembamba, nzima?
Ndivyo. Nyama ya nje tunaichana,
urefu wa kucha ya dole gumba,
tunaitanua mpaka utando wa ndani uchungulie.
Ukiutoboa, umeharibu.
Hakuna tulichotoa, akasema. Hakuna tulichoongeza.
Akapiga miayo, akaenda kwa mwingine.

Usiku, kijiko cha kwanza. Akarusha.
Nikapiga kelele wodi nzima ikaamka.
"Mlango mpya una kutu," akasema muuguzi wa zamu. "Subiri."
Kijiko cha pili kikakaa.
Cha tatu kikakaa, nikasikia tumbo linanguruma kama mtu mzima.
Alfajiri nepi ilikuwa nzito.
Sijawahi kufurahia mkojo namna ile.

Sidai uniombe radhi. Naona unavyomshika.
Gusa hapa, juu ya kitovu:
mshono kama sisimizi kwenye foleni.
Gusa, hauumi.
Sasa mweke begani, mpapase mgongo.
Ameloanisha bega lako? Tulia.
Hiyo ni kucheua tu.